Kontena linarudi limejaa kila jioni: nimpakie nini mtoto anayeenda shule?

Swali limetoka kwa mama wa Ilazo hapa Dodoma. Ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo yuko awali, basi la shule linawapitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na wanarudi saa tisa. Anaamka saa kumi na moja anapika wali maharage au chapati, anawawekea na chai, na jioni kontena linarudi nusu au limejaa kabisa. Mdogo anasema chakula kibaya, mkubwa anasema muda uliisha. Sasa ameanza kuwapa hela wanunue huko huko shuleni, na anauliza apike nini cha haraka ambacho watakula kweli.

Dada yangu, pole kwanza, na hongera, maana kuamka saa kumi na moja kupikia watu ambao jioni wanakurudishia chakula kilivyo inaumiza, na wamama wengi wa hapa mjini wanalia na hili hili. Kabla sijakutajia vyakula naomba tuelewane kwenye kitu kimoja, maana ukikishika hicho mengine utapanga mwenyewe. Wewe unaonja chakula saa kumi na mbili kinafuka moshi. Mwanao anakifungua saa nne au saa saba, kimepoa, kimefunikwa masaa, kimeruka ruka kwenye basi kuanzia Ilazo mpaka shuleni, na ana dakika kumi kumi na tano tu alafu wenzie wanamwita uwanjani. Kwahiyo unapochagua cha kupika jiulize hivi, hiki kikishapoa kikakaa masaa manne bado kitakuwa kitamu, na mtoto atakimaliza kwa mkono mmoja bila kumwagikiwa? Kama jibu ni hapana hata ukipike vizuri vipi kitarudi.

Jumamosi hii fanya kitu kimoja. Pakia kontena la mtoto kama unavyopakiaga siku ya shule, saa kumi na mbili, funga, weka mezani wala usiliguse. Saa nne lifungue wewe mwenyewe. Utakuta chapati zimetoa jasho zimegandana, ile ya chini imelowa kabisa, au wali umekuwa mabonge na mchuzi wa maharage umepanda mpaka kwenye ndizi, na harufu ikikupiga ni ile ya kitu kilichofungiwa. Onja. Alafu mwite mdogo alifungue mwenyewe kwa vidole vyake, usimsaidie, mwangalie tu. Nimeona watoto wa awali wengi wanakaa na njaa kwa sababu mfuniko ni mgumu na wanaona aibu kumwita mwalimu, na nyumbani wakiulizwa wanasema tu chakula kibaya kwasababu ndo jibu jepesi. Kama hawezi kufungua, badilisha kontena kabla hujabadilisha chakula.

Sasa kwanini wali unakuwa vile. Wanga ukipoa unakaza, ndo maana wali wa jana una punje ngumu na chapati ya jana inakatika, na kwenye friji unakaza haraka zaidi. Chips nazo zinanyonya ule mvuke wao wenyewe zinakuwa laini vibaya. Kuna vyakula vinavumilia kupoa na kuna ambavyo havivumilii, na wali mkavu na maharage ya mchuzi ni katika vile visivyovumilia kabisa, hata mtu mzima kazini asingeufurahia.

Chapati inavumilia ukiikanda vizuri. Kanda na maji ya moto au maziwa ya moto na mafuta ya kutosha ndani ya unga wenyewe, sio kuyamwaga kwenye kikaango tu, hapo inabaki laini mpaka mchana. Na ikitoka jikoni usiifungie ya moto! Hili ndo kosa naliona nyumba nyingi. Itandaze kwenye sahani au ungo kitambaa safi juu, ipoe dakika kama kumi, ndo uweke kwenye kontena. Jasho lote linaisha hapo.

Alafu hiyo chapati usiiweke peke yake na mchuzi pembeni. Chukua maharage yale yale unayopikaga usiku, yaponde, yarudishe kwenye kikaango na kitunguu na nyanya na karoti iliyokunwa mpaka yakauke yawe mazito, paka ndani ya chapati, kunja iwe kama bomba, kata katikati. Maharage ni yale yale ambayo yalikuwa yanarudi, ila sasa anashika kwa mkono mmoja na mwingine ameshika mpira. Siku nyingine weka yai la kukaanga lililoiva kabisa na hoho, siku nyingine kuku wa jana aliyechambuliwa (akiwa amelala kwenye friji, na asubuhi umempasha mpaka anafuka), siku nyingine njegere za kuponda. Chapati moja, na watoto wanaona ni vyakula vinne tofauti.

Kama asubuhi chapati inakushinda, chapati za maji zitakuokoa. Unga wa ngano, yai, maziwa kidogo, chumvi kidogo, karoti iliyokunwa mpaka haionekani, unakoroga usiku unaweka kwenye friji, asubuhi unamimina tu kwenye kikaango. Ndani yake changanya robo ya unga wa uwele au mtama, hapa Dodoma tumebarikiwa hizo nafaka na watoto wetu wanakua hawazijui, uwele una madini chuma na unawashibisha muda mrefu kuliko unga mweupe. Usiweke mwingi mara ya kwanza, unabadilisha rangi na mtoto atauliza. Ongeza kidogo kidogo.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, sijui kwanini watu hawavitumii. Vina vitamini A, ni laini hata vikipoa, na vina utamu wake bila sukari. Chemsha usiku na maganda, asubuhi menya, kata vipande virefu kama vidole, pitisha kwenye mafuta ya alizeti kidogo sana mpaka vishike rangi kwa nje. Yale mafuta kidogo yana kazi, mwili unaichukua hiyo vitamini vizuri kukiwa na mafuta. Ila mafuta yawe masafi, ukikaangia vitu vya mtoto na mafuta yaliyokaangia samaki juzi, kontena likifunguliwa lina harufu na wenzie watamcheka, na mtoto akichekwa mara moja hicho chakula hakigusi tena mwaka mzima.

Kuchekana huko wazazi tunakuchukulia poa sana. Muulize mkubwa wako kwa upole, sio siku ya kumgombeza, fulani analetaga nini, na fulani je, nani anamalizaga. Utapata orodha ya vyakula vinavyokubalika kwenye lile darasa na utashangaa ni vya kawaida tu, vitumbua, katlesi, tambi, mayai. Ukiweka kimoja kati ya hivyo na kingine cha kwako, vyote vitaliwa.

Katlesi ndo nazipenda kuliko zote kwa mtu mwenye friji, kwasababu unatengeneza nyingi Jumapili, unazigandisha zikiwa mbichi, kila asubuhi unakaanga nne tu. Viazi vya kuponda na nyama ya kusaga, au samaki aliyechambuliwa miiba, au hata dagaa waliosagwa, hao dagaa wanaliwa na mifupa yao kwahiyo mtoto anapata na kalsiamu. Vitumbua navyo, mchele unaloweka asubuhi, jioni unasaga kwenye brenda na nazi na hamira, unga unalala kwenye friji, sukari punguza nusu ya unayowekaga. Tambi za spageti zikaangwe na mboga na yai na mafuta kidogo zisigandane, zinaliwa vizuri hata baridi, na kwa hizo mpe uma mdogo.

Mlenda, mchicha wa nazi, ugali, hivyo ni vya mezani jioni mkiwa pamoja. Usihangaike kuvipeleka shule. Mboga za majani atakula usiku, shuleni mpe mboga ambazo zinatafunika, karoti na tango vipande virefu, tosha.

Sasa nizungumze kuhusu joto, na hapa naomba unisikilize maana hili sio la ladha tu. Dodoma asubuhi kuna kibaridi mtu anadanganyika, ila kuanzia Septemba mpaka mvua zinyeshe saa sita mchana begi la mtoto lililoachwa dirishani linachemka. Bakteria wanazaliana haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60, yani chakula cha vuguvugu ndo hatari kuliko cha moto kabisa na cha baridi kabisa. Wali hasa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinapona kwenye kupikwa, wali ukikaa vuguvugu masaa anaamka anatoa sumu, na ile sumu ukipasha tena haiondoki. Mtoto anatapika mnasema ni malaria au ni ubuyu alionunua. Kwahiyo wali wa usiku uliolala kwenye sufuria jikoni usiende shule, hata kama haujanuka. Ukitaka kutumia wali wa jana uwe umepoozwa haraka ukiwa umetandazwa, ukaingia friji ndani ya saa moja, na asubuhi upashwe mpaka ufuke wote, sio pembeni tu.

Hotpoti inasaidia lakini wengi wanaitumia vibaya. Kwanza jaza maji yanayochemka, funika dakika tano mpaka kumi, mwaga, ndo uweke chakula kikiwa cha moto haswa, na ijae mpaka juu, hotpoti kubwa yenye chakula kidogo inapoa mapema. Nunua ndogo. Kwenye hotpoti makande ndo mfalme, yale yaliyopikwa laini na karoti na nazi kidogo, au pilau la njegere, au tambi. Jaribu nalo Jumamosi, kama mpaka saa saba sio moto wa kufuka basi hiyo hotpoti ni ya saa nne tu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningegawa hivi. Kontena la saa nne ndo liwe na vile vyenye yai, nyama, samaki, maharage, kwasababu hapo havijakaa sana. Cha saa saba kiwe kikavu, viazi, andazi, mkate wenye siagi ya karanga, ndizi, matunda mazima. Ukiwa na friza, gandisha chupa ya maji, usiijaze mpaka juu itapasuka, asubuhi iweke ubavuni mwa kontena ndani ya begi la chakula, inapooza chakula na mchana anakunywa maji baridi. Kabla ya yote muulize mwalimu kama shule inatoa chakula cha mchana. Shule nyingi zinapika, na unakuta mtoto ameshiba makande ya shule na wewe unalia kontena limerudi.

Karanga. Hapa mkoani kwetu karanga ni rahisi na ni nzuri kwa mtoto, ila sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu, sio hadithi. Mwaka 2016 watu walikufa mkoa wetu wa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo zinashika ule ukungu ule ule. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Kwahiyo kaa chini na ungo uzichambue kabla hujazikaanga, zilizosinyaa, zenye doa jeusi, zilizovunjika zikabadilika rangi, tupa zote, na mtoto akisema karanga ni chungu msimlazimishe kumeza. Siagi ya karanga nunua kwa mtu unayejua anachambua au saga mwenyewe. Na uliza darasani kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, wapo.

Kwa huyo mdogo wa awali kuna la zaidi. Karanga nzima usimpe kabisa mpaka apite miaka mitano, bisi vilevile. Na zabibu, najua msimu ukifika za Hombolo na Mpunguzi zinauzwa kila kona na watoto wanazipenda mno, lakini zabibu nzima inaingia kooni kwa mtoto mdogo inaziba kabisa, na shuleni mwalimu mmoja ana watoto wengi. Zikate kwa urefu vipande vinne, toa mbegu. Ni kazi ya dakika tatu, binti wa kazi akijua hatasahau.

Matunda mengine ni rahisi. Ndizi iwekwe juu ya kila kitu isipondeke. Pera zima lioshwe, lina vitamini C kuliko chungwa. Papai na tikiti vinatoa maji, viwe na kikontena chao. Embe msimu wake likatwe, na uma.

Na vinywaji, chai uache nyumbani. Ukimpa chai ya rangi pamoja na maharage, ile chai inazuia mwili kuchukua madini chuma yaliyoko kwenye maharage, na watoto wetu wengi wana upungufu wa damu. Ukitaka kinyume chake mpe ubuyu. Nasema unga wa ubuyu wenyewe, ule mweupe unaouzwa sokoni Majengo na Sabasaba, sio zile mbegu zilizopikwa na sukari na rangi nyekundu. Kijiko kikubwa kimoja kwenye maji ya kunywa ya baridi, koroga, chuja, sukari kidogo kama lazima, usichemshe maana vitamini C inaharibika kwenye moto. Ubuyu na maharage vikikutana tumboni chuma kinachukuliwa vizuri. Siku nyingine zote maji. Juisi nyingi za boksi ni sukari na maji na rangi, Ijumaa moja moja sio kesi, ila kila siku hapana, anashiba utamu saa nne alafu chakula hakiingii.

Hela nayo ni hivyo hivyo. Sikwambii usimpe kabisa, ila akiwa na hela mfukoni barafu na pipi zitashinda kupika kwako siku zote. Mkubaliane siku moja kwa wiki, aijue, na siku hiyo usihangaike kupika.

Kingine ni wingi. Tunapakia kwa macho ya mama. Mtoto wa miaka mitano tumbo lake ni dogo, chapati moja iliyokunjwa na vipande vinne vya viazi na nusu ndizi ni mlo, akifungua akakuta mlima anakata tamaa kabla hajaanza. Pakia kidogo kimalizike, akiomba cha ziada ongeza kesho. Na akirudi nacho usimgombeze, muulize tu kilikuwaje, kigumu, kimelowa, ulikosa muda? Huyo mkubwa anayesema muda uliisha mwamini, huenda anasimama foleni ya kunawa mikono dakika zote, na kwa vumbi la huku kunawa sio kitu cha kuruka. Mwekee kitambaa kidogo kilicholowanishwa kwenye mfuko wake safi, na chakula kisichohitaji kijiko.

Jumapili jioni mpeni kila mmoja achague vitu viwili vya wiki hiyo kutoka kwenye vile ulivyo tayari kuvipika. Wewe unataja, yeye anachagua. Mtoto wa la pili anaweza kabisa kukunja chapati yake mwenyewe usiku, na alichokikunja yeye hakirudi.

Ukibadilisha yote haya, mfano mwezi mzima, na mdogo bado hali, hata nyumbani hali, anachoka haraka, viganja vyake vimepauka, au umemkuta anakula udongo, hapo jambo limetoka jikoni. Mpeleke kituo cha afya wampime uzito, damu na choo, minyoo na upungufu wa damu vinamaliza hamu ya kula, na vina dawa. Nenda na kadi yake ya kliniki waone alikuwa anakua vipi huko nyuma.